Kushoto Walio Hai, Kulia Waliolala

Wafula,

Leo sikusalimii. Salamu ni za watu walioaga, na wewe hukuaga mtu. Ulisema unaenda kununua betri ya kamera, ukaanguka pale ngazini karibu na fundi wa saa, ukaniachia studio, kompyuta na hasira. Miezi mitano sasa. Watu wa kanisa wananiambia nishukuru, eti hukuteseka. Na mimi je? Kuna mtu aliniuliza kama mimi ninateseka?

Wacha nikuambie mwenyewe nilichofanya kabla hujasikia kwa wengine, maana wafu wa Nakuru nawajua, ni wambea. Nilitoa programu yako ya mafaili. Ile ya bluu, yenye madirisha mawili, ya kubonyezwa vitufe kama mtu anapiga kinanda cha kanisa. Miaka tisa nilikuambia, "Hiyo kitu ni ya enzi za babu yako wa reli!" Wewe unacheka tu, unaendelea kubonyeza. Ilikuwa inaniaibisha mbele ya wateja. Mimi, mtu niliyekaa Doha miaka miwili nikiwafungulia mawaziri mlango wa hoteli, nafanya kazi na skrini kama ya kituo cha polisi!

Basi wiki ya tatu baada ya kukuzika Bungoma, nikaamua kuchagua programu ya kisasa. Nilijaribu nne. Ya kwanza ilikuwa nzito, kufungua folda moja ni kama kufungua geti la kambi ya jeshi kule Gilgil. Ya pili ilitaka nijiandikishe kwa barua pepe ndiyo nione mafaili yangu mwenyewe. Niliitukana kwa Kiarabu. Ya tatu sikuielewa, na mtu akikuuliza, sema ilikuwa mbovu. Ya nne ndiyo iliyonimaliza. Dirisha moja safi, picha kubwa kubwa, rangi kama harusi. Ikaniuliza kwa adabu kama ningependa initolee picha kwenye folda zote, izipange kwa tarehe, na folda tupu izifute. Wafula, ni mtu gani hukataa kupangiwa? Nikabonyeza ndiyo.

Ikapanga. Folda zako zote zikaenda. "Mama Chebet wa Kuresoi." "Baba Njoroge wa Dundori." Zimebaki picha na tarehe, watu wote wamevaa lile koti letu la bluu.

Lile koti. Kila mtu aliyepigwa picha kwetu bila koti lake alivaa lile moja linaloning'inia msumarini, na tai ile ile. Sasa hebu waza, kaka wawili kutoka Kuresoi, Mzee Koech na mdogo wake, walikuja siku moja, wakavaa koti moja kwa zamu, wakakaa kiti kimoja. Kwako walikuwa na folda mbili. Kwangu walilala bega kwa bega.

Mkubwa akafariki. Binti yake akapiga simu, akasema, "Tumieni ile picha ya baba mliyo nayo, hana nyingine." Mimi, Profesa uliyenibatiza wewe, nikatafuta, nikaona koti, nikaona kipara, nikasema huyu hapa. Nikachapisha vitabu vya mazishi, vizuri kabisa, karatasi ya kung'aa, nikavituma na lori la viazi. Hawakuwa na nafasi ya kuvikagua.

Jumamosi yule mdogo, mzima, ameketi mstari wa mbele chini ya hema, akafungua kitabu akajikuta. Amezaliwa, ameoa, ameugua, amekufa. Mtu nyuma yake akasema, "Mzee, leo umekuja kujizika mwenyewe?" Hema lote likacheka. Mjane hakucheka. Yeye alikuwa amengoja kitabu hicho tangu asubuhi ili amwone mume wake amevaa tai. Akaona shemeji.

Jumatatu yule mzee alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Akaweka kitabu mezani.

"Kijana, mimi bado nakula viazi. Nitoe hapo."

Nilitafuta mzaha, Wafula. Mimi! Nikaishia kumvutia kiti. Kisha akasema neno lililonikata maini. "Yule mwenzako alinionyesha. Aliniambia, mzee, kushoto ni walio hai, kulia ni waliolala. Wewe uko kushoto, kaa huko sana."

Ulimwambia yeye! Mkulima wa viazi aliyekuja mara moja kwa picha ya kitambulisho! Na mimi niliyekunywa chai na wewe miaka tisa, kikombe kimoja kikivunjika tunagawana kilichobaki, hukuniambia? Nilikuwa nakusikia tu ukisema, "Usikopi, hamisha. Mtu hakai pande zote mbili." Nilidhani unaokoa nafasi kwenye diski! Kumbe kila ulipovua kofia mbele ya kompyuta ulikuwa unazika mtu. Ulinitania "Profesa wa Darasa la Saba," na kitu kimoja cha kunifundisha ukakificha. Au uliniambia, nami nilikuwa nasimulia Doha? Usijibu hilo.

Niliirudisha programu yako mbele ya yule mzee. Madirisha mawili ya bluu, matupu yote. Nikafungua picha za siku ile, akanyoosha kidole, "Huyu ndiye ndugu yangu." Nikamtengenezea folda, nikabonyeza F6, kile kitufe chako cha kuhamisha, akavuka kwenda kulia. Mzee akavua kofia. Kisha akatazama lile koti msumarini, akauliza, "Na mwenzako, yeye yuko upande gani?"

Nikamwambia kompyuta imejaa.

Picha ya marehemu niliichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka Kuresoi mwenyewe kwenye tope hadi magoti. Mjane akaifuta kwa leso ingawa haikuwa na vumbi. Akasema, "Sasa amefika." Halafu akanipa chakula. Nilitaka anitukane, Wafula. Alinipa chakula.

Tangu siku hiyo napanga kwa mkono, uso kwa uso. Ananisaidia Mama Wambui, yule wa kabichi kutoka Dundori, maana anajua kila mtu. Anakaa kwenye stuli yako na kunihukumia watu, "Huyu yuko. Huyu alienda. Huyu yuko, lakini kwa vile anavyokunywa, usifunge hilo dirisha." Ninacheka, kisha nakasirika kwamba wewe hukusikia.

Jana tumemaliza. Upande wa kushoto ikabaki folda moja tu ya kuamuliwa, "Wenye Studio." Ndani ni picha mbili, yangu na yako, za siku tuliyofungua. Koti umevaa wewe kwa sababu tulirusha sarafu nikashindwa. Mama Wambui alitazama, akachukua kikapu chake, akasema kabichi zake zinanyauka. Hazikuwa zinanyauka.

Nimekaa na kidole juu ya F6 tangu jana. Nimekutukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa Kibukusu ulichonifundisha vibaya kwa makusudi. Nilifikiria kukukopi. Nani angejua? Lakini ningejua mimi, na sheria ni yako. Mtu hakai pande zote mbili.

Nimevua kofia. Nimebonyeza.

Kwenye folda yetu imebaki faili moja.

Nimeandika kwa karatasi kubwa na kubandika ukutani, juu ya kompyuta, kushoto ni nani na kulia ni nani, hata mteja wa pasipoti asome. Mimi sitaondoka na siri kama wewe. Na koti sitamwazima mtu tena kabla sijaandika jina lake kwanza. Nakuahidi hilo, hata kama bado nina hasira, na ninayo.

Lala huko kulia, Wafula. Mimi nitakaa huku sana.

Profesa wako,
wa Darasa la Saba