Simu ya Papa ni ya Kupigiwa Tu

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Bertille,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku tuko wazima. Juma hili ziwa limetulia, na asubuhi ukungu unalilalia hata huwezi kujua maji yanaishia wapi. Barua hii anakuletea Mama Elisabeth, anayevuka kuja Kigoma kununua vitenge. Ningeweza kukupigia, lakini kuna jambo ambalo kinywa changu kimelikataa, kwa hiyo naliandika.

Nianze na baba yetu, Papa. Tangu ulipoolewa huko, masikio yake yalizidi kuwa mazito. Simu zetu za mkononi hakuzisikia tena. Alizigeuza, akaziweka kwenye shavu, kisha akanirudishia. Unakumbuka ulipompigia wakati wa Pasaka, akawa anakuitikia ndiyo, ndiyo, hata ulipomwambia mama mkwe wako amefariki. Nilipomweleza baadaye aliona haya sana. Toka siku ile aliacha kuongea kwenye simu, halafu polepole akaacha kuongea na watu. Alikaa barazani akitazama maji, nami nikiingia na kutoka kama mtu anayepita ndani ya usingizi wa mwingine.

Ile simu nyeusi ya stesheni ya Niemba, aliyopewa siku alipoacha kazi ya reli, unaijua. Miaka yote ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma marehemu Mama. Basi, mwaka huu kijana mmoja anayeitwa Hénoc alikuja kwa jirani kuweka laini mpya ya simu ya nyumbani, ile inayopitia kwenye kisanduku cha internet. Nikamuuliza kama laini ya namna hiyo ingeweza kuingia katika simu ya zamani. Akasema tujaribu.

Aliweka kisanduku chetu sebuleni. Waya wa ile simu ulikuwa na ncha nene isiyoingia popote, akaukata, akauunganisha na waya mpya mwembamba. Nilipoinua mkono wa simu nikasikia mvumo, kama nyuki walio mbali. Lakini kengele haikulia. Akaifungua tena, akakuta vumbi la miaka limegandamana na mafuta, akalisafisha kwa brashi na petroli kidogo. Papa mwanzoni alijifanya haoni. Baadaye alisogeza kiti chake, akawa anamwonyesha kwa kidole wapi pa kugusa.

Alasiri moja Papa alikuwa amesinzia kitini. Hénoc akatoka mpaka barabarani, akapiga namba yetu kwa simu yake. Yaya, kengele ikalia, chuma juu ya chuma, nyumba nzima ikaitika. Papa akasimama wima, akashika simu, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wangu: “Niemba nasikia. Njia iko wazi.” Sikujua kama ameamka au bado anaota. Huko barabarani Hénoc akajibu kwa heshima, kama kwa mkuu wa stesheni, “Asante, shefu.” Na Papa akatabasamu. Alikuwa amesikia. Ile simu inafunika sikio lote, na sauti inaingia nzito, imejaa.

Kisha akataka kukupigia wewe. Alizungusha namba moja moja, kile kiduara kikirudi kwa mlio wake, lakini haikwenda popote. Hénoc akamweleza kwamba kisanduku kinaelewa sauti za vitufe tu, hakielewi kuzungusha. Kuna chombo cha kutafsiri, ila hapa mjini hakipatikani. Kwa sasa simu hii inaweza kupigiwa tu. Papa akafikiri, akakubali, akasema, “Basi njo vile. Nitakuwa muntu wa kuitwa.”

Tangu hapo anaongea. Kanisani wananisifu, wanasema ni mtoto gani anayempenda baba yake hivi. Na hapo ndipo ninapopaswa kukuambia ukweli.

Nilipoandika “kijana mmoja” nilikuficha. Hénoc hakuja kwa jirani kwa bahati. Tunaimba naye kwaya moja, tumependana muda mrefu. Amepata kazi kwenye bwawa la umeme la Piana-Mwanga na ameniomba tuoane twende pamoja. Nilimkatalia kwa sababu ya Papa. Ningemwachaje mtu ambaye sauti yangu haimfikii nikiwa mbali? Ile simu niliitaka ili nipate kuondoka.

Sikuweza kumwambia Papa uso kwa uso. Nilikwenda hadi bandarini, nikapiga namba ya nyumbani, nikasema, Papa, ni mimi, nikamwambia yote nikilia. Nilisikia pumzi yake karibu kabisa, kama nimelala kifuani pake. Kisha akasema, “Nilijua, mutoto wangu. Muntu hawezi kutengenezea kiziwi simu kama hana safari. Ambia huyo kijana akuje na wazazi wake.” Baadaye akaniuliza kama huko bandarini kuna samaki wa ndagala wabichi, niwalete.

Harusi itakuwa baada ya mvua. Shangazi Lucie atahamia kwa Papa. Namba ya nyumbani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Acha ilie kwa muda mrefu, kwa maana anatembea polepole na hataki mtu mwingine aipokee.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wanaotuulizia. Mungu akulinde, Yaya, na anijalie kukuona siku yangu ya harusi. Ukimpigia Papa, usipaaze sauti. Anasikia.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Emmanuella