Viza Niliyoificha

Mama mdogo mpenzi,

Hili sijamwambia mtu. Wagonjwa hawampi mama nafasi, kwa hiyo alinituma nimsomee maelezo ya viza za wanasaikolojia kama yeye wanaohamia huko kwenu. Nilimwambia ipo moja tu, ya kwenda peke yake miaka miwili. Ya kwenda na familia niliificha. Mimi sitaki kuhama, na nilijua hawezi kuniacha.

Mama alifuta miwani yake taratibu.

“Basi nitatangulia. Wewe utakaa kwa bibi. Na vitabu vyako mtatunzana.”

Alicheka, kisha akaijaza fomu ya kwenda peke yake.

Leo asubuhi, kabla hajaituma, nilichapisha maelezo ya ile viza nyingine. Niliyaweka juu ya fomu, nikaketi kumsubiri.

Mwanao,
Bubu wenu, mnavyoniita kwa kutosema sana