Omu Kumi na Mbili

Jumanne, 4 Juni

Maabara, hatimaye! Volti 3.0. Ampea 0.25. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea: omu 12. Nguvu ni volti mara ampea: wati 0.75. Kiboksi chenye waya kimeandikwa omu 10 ubavuni, lakini tumerudia mara tatu na mshale wa amita ulisimama palepale. Mwalimu anatafuta watu wa timu ya sayansi. Niliona haya kumuuliza kuhusu ile 10. Dada akasema niache, ataongea yeye. Yeye ndiye mdomo wangu siku zote. (Mtoto wa mama mkubwa, anakaa kwetu. Amenizidi miezi miwili tu, lakini nisipomwita Dada nyumba inawaka moto.)

Jioni alilia bafuni, bomba limefunguliwa tusisikie. Mama mkubwa hapokei simu zake tangu Aprili. Nimeapa sitamwambia mtu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika ripoti kwenye daftari letu la pamoja, Dada akaenda kulikabidhi. Darasa zima lina 10. Meza ya nyuma wametucheka, eti tumepima waya wa jirani. Wacheke. 12 ni 12.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu alitua madaftari yote mezani, taratibu. Akasema wakati wa likizo alibadilisha waya ndani ya viboksi vyote, maandishi akayaacha. Zote ni omu 12. Moyo uliniruka! Kisha akasema hakuna kundi hata moja lililopata 12. Wote tumepika majibu. Wote sifuri.

Hata sisi. Nimeliona daftari kwa macho yangu: ampea 0.30, omu 10, wati 0.9. Vyangu vimefutwa kwa kifutio. Hizi sifuri zina mkia, kama anavyoziandika Dada.

Akauliza nani alipiga hesabu. Dada akasimama.

"Ni mdogo wangu, Mwalimu. Mimi nilishika waya tu."

Sauti ileile anayonitetea nayo. Nikatazama daftari. Mwalimu akaniambia hata wewe, na jina lako nilishaliandika kwenye orodha ya timu. Mwenye vipimo vyake halisi, vilivyoandikwa siku ileile, avilete Jumatatu kabla Mwalimu hajapeleka majina ya timu.

Jumapili, 9 Juni

Karatasi niliyoandikia vipimo kule maabara haipo. Dada kaitupa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kila mtu alikuwa na kumi, hakutaka tuchekwe. Na kunitaja mimi? Akachomeka pasi ukutani. "Wewe una mama wa kuja shule kukutetea."

Vipimo vimebaki humu kwenye shajara yangu tu. Ukurasa wa Jumanne. Na chini yake, kilio cha Dada bafuni. Nikikata kipande kwa mkasi Mwalimu ataona karatasi iliyochezewa, kama daftari. Nikimpa nzima, atasoma yote.

Dada anapiga pasi sare zetu. Yangu pia, sijamwomba. Pasi: volti 220, wati 1,100. Kwa hiyo ampea 5. Omu 44. Napiga hesabu ili nisimtazame.

Ameuliza, hakuinua kichwa:

"Vile vipimo vya Jumanne — uliviandika humo?"

Bado naandika. Pasi imesimama juu ya kola yangu. Haisogei. Naanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua.