Kikohozi Chako Mezani

Bakari, mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa mchumba wa mkeo. Ndiyo, umesoma sawasawa, kama huko mnapewa taa. Somoe amekubali kabla hata sijamaliza kusema, tena ananihimiza tufanye haraka.

Haya, basi. Hajakubali. Nimeona aibu kumdanganya mtu aliyekwisha kufa, maana hana pa kwenda kuulizia. Hajakubali, na nina mashaka makubwa kwamba aliyeharibu ni wewe. Ndiyo sababu ya barua hii. Jibu usilete mwenyewe, sina haja ya kukuona.

Kwanza habari. Tangu tukuzike mikorosho yako imezaa kama ilikuwa inasubiri uondoke. Mkeo alimaliza eda, akahamia kwa dada yake kule Likunja, na mimi nimebaki hapa Mtua sina mtu wa kumtukana. Nilijaribu kumtania mwalimu mpangaji wangu, yule wa kutoka Mbeya. Akadhani nimekasirika, akalipa kodi mapema.

Huyo mwalimu ndiye aliyeniponza. Mimi nilitaka kutuma mshenga kama watu wenye akili zao. Akasema, "Mzee, siku hizi mwanamke anapelekwa kwanza mgahawani, mnakula, mnaangaliana." Nikamwambia Somoe namwangalia tangu ulipomwoa, sina kipya cha kuona. Lakini nikaenda.

Nilichagua mgahawa mpya pale Ruangwa mjini, maana huku kwetu Nachingwea wote wanatujua. Nikavaa koti langu la Idi. Somoe akaja na kitenge kipya, kanga begani, wanja machoni. Bakari, ningekuwa wewe nisingekufa.

Mashaka yakaanza hapo hapo. Niliomba meza ya pembeni penye utulivu, tukakalishwa chini ya televisheni yenye mpira. Wanaume wote wakageuka upande wetu, nami nikakaa vizuri nikidhani wanamwonea wivu mzee. Kumbe penalti. Mezani palikuwa na ua. Nikaliinua, nikalinusa kwa madaha ili Somoe aone. Plastiki. Kuku wa kienyeji kaisha, wakaleta wa kisasa, laini kama hajawahi kutembea. Wakawasha mshumaa, feni ikauzima. Wakauwasha tena, ukazimika tena. Mara ya kwanza nililaumu feni. Mara ya pili nikakukumbuka wewe, usiyeweza kumwona mtu anakula kwa raha bila kumchokoza.

Naye Somoe alinishuku. Aliniangalia kama karani wa ghala anavyoangalia gunia lenye unyevu.

"Shemeji," akasema, na neno lile likanipunguza njaa. "Shemeji, kuna nini? Umeniita tule, au kuna mtu kafa unatafuta pa kuanzia?"

Nikasema tule kwanza. Kuku yule hakulika. Ndipo akafungua fundo la kanga, akamwaga korosho mezani, za kukaanga na chumvi. Mhudumu akanuna. "Nilijua tu hatutashiba," Somoe akasema. Nikauliza za wapi hizo. Za shamba lako.

Tukazila. Tukakusengenya. Nikamkumbusha ulivyokuwa ukikaa nyuma kwenye mikutano ya ushirika, kiongozi akisema uongo wewe unakohoa, vikohozi viwili vifupi na kimoja cha kuvuta, mpaka mwenyekiti akaomba watu wakupeleke hospitali. Somoe akacheka akashika meza. Akasema hata nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Akikuficha bei ya kitenge hugombi, unakohoa tu, unakwenda zako. Wanja ulikuwa umemtiririka. Nikaona mlango uko wazi. Nikajifuta mdomo, nikasema yale niliyoyafanyia mazoezi njia nzima.

"Somoe, nataka kukuoa. Nitakutunza kuliko alivyokutunza Bakari."

Na hapo ganda la korosho likanikwama. Nikakohoa. Lakini hakikuwa kikohozi changu. Viwili vifupi, kimoja cha kuvuta.

Somoe akaacha kutafuna. Akazikusanya korosho zake taratibu, akazifunga.

"Umesikia?" akasema.

"Ni ganda."

"Bakari hakohoi bure."

Akaita bodaboda, akaondoka. Nikabaki na ua langu.

Sasa nieleze. Najua utajitetea kwamba koo ni langu. Ni kweli siku ya msiba wako nilivaa kofia yako, nikatembea kama wewe na kukohoa kama wewe mbele ya watu, kama kazi ya mtani inavyotaka, mpaka Somoe akatoka ndani mbio, akaishia mlangoni. Akacheka. Halafu akakaa chini pale pale. Pengine koo lilijifunza siku ile. Sikatai. Lakini juzi nilijaribu kwa makusudi, peke yangu uani. Nikajaribu tena. Hakikutoka, Bakari. Nilitaka kukisikia tu.

Basi nimefikiri. Ulikohoa kwa sababu nilisema uongo. Kuliko wewe siwezi. Wewe ulimchotea maji alipoumwa mguu, na wanaume wa kijiji tukakucheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Ijumaa nakwenda Likunja, mambo ya mgahawa basi. Somoe ametuma neno kwamba niyaseme tena mbele ya dada yake, asikilize vizuri. Nimeyapunguza. Nitasema nitajitahidi kumtunza kama ulivyomtunza, na siku nikishindwa nitamwambia mwenyewe. Hilo nakuahidi na wewe. Na akikataa, kaburi lako nitaendelea kulipalilia, ingawa hata huko umechagua mahali penye nyasi ngumu.

Ila mtani akifanya kazi msibani hupewa chake. Kwenu hakuna aliyenikamatia hata jogoo, na sikudai, maana siku ile baada ya kukuigiza sauti ilinikauka. Kwa hiyo nakudai. Jogoo sitaki.

Lala salama, mtani wangu. Ijumaa nikimaliza kusema, Somoe atategea sikio. Namjua. Hapo ndipo nakuomba unilipe. Kaa kimya.

Ni mimi,
Selemani