Mifupa Yako, Mama Chilewa

Mke wangu mpenzi, mama Chilewa,

Uwele umekomaa huku Ugogo na ndege wanatusumbua, nami nimekaa nakuongelesha kama kawaida yangu. Ulizoea kusema kwamba nikianza kusimulia hata mbuzi husinzia. Vumilia kidogo.

Mwaka reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, shingo yako ilivimba rovu. Ulikula kwa mikono miwili na bado ukakonda. Upepo wa kipupwe ulitutetemesha sote, wewe ukatupa shuka ukisema unaungua. Kiu haikukatika, na kutwa ulikuwa njiani kwenda kichakani. Kisha asubuhi moja uliinua kibuyu cha maji, tena hakikujaa, mkono ukavunjika. Mkono ule ule uliokuwa ukiangusha ndama!

Mimi mfugaji nikajiona nimeshajua dawa. Kiangazi ng'ombe wakianza kutafuna mifupa ya porini, tunawapeleka wakalambe udongo wa chumvichumvi. Basi nikakuletea udongo huo, nikaukoroga kwenye maziwa, nikakubembeleza. Ulikunywa kwa ajili yangu, ukakunja uso, ukasema, "Kesho utanifunga kengele."

Mkono ulipokawia kuunga, nilikupeleka kwa daktari Mjerumani wa kambi ya reli. Alishika rovu, akasikiliza moyo wako uliokuwa ukienda mbio, akanieleza kwa Kiswahili chake cha pwani. Tezi ya shingo imezidisha kazi, alisema, na majimaji yake yanauharakisha mwili wote. Mifupa inabomolewa upesi kuliko inavyojengwa. Chokaa inayoiimarisha inamwagika kwenye damu, kisha inatoka kwa mkojo, ndiyo sababu ya kiu ile. Nilipomtajia udongo wangu alinikataza, kwa kuwa nao una chokaa. Damu yako ilikuwa na chokaa ya kuzidi. Mifupa ndiyo iliyoshindwa kuishika. Dawa ya tezi hakuwa nayo. Akasema usibebe maji wala usisage, kwa maana nyonga ikivunjika hutasimama tena.

Njiani ulilia. Ukaniambia, "Nisiposaga, nitakuwa mgeni nyumbani kwangu."

Basi nikasaga mimi. Mwanamume wa Kigogo, magoti chini mbele ya jiwe, mchana kweupe! Wenzangu walipopita na mifugo walicheka mpaka wakaegemea fimbo zao. Wewe ulikaa kando ukiukosoa unga, mara mnene, mara una mchanga, na mwisho ukacheka kuliko wao. Nilikupenda sana siku zile. Hata sasa nakupenda, na nyumba ni kubwa mno.

Mvua zilipokaribia, moyo wako ulichoka kwenda mbio. Siku yenyewe ulitoka mlangoni kwa miguu yako, ukaja hadi zizini, ukakaa karibu yangu, ukakata roho.

Akina mama waliokuosha waliniambia kwamba, ukiacha mkono ule, mifupa yako yote ilikuwa mizima. Niliwashukuru, kisha nikapiga magoti kusaga unga wa wageni wa msiba. Wanaume wenzangu walikuwepo wote. Hakuna aliyecheka.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mumeo,
Baba Chilewa