Rangi ya Harusi Yetu Darajani

Jumamosi, manyunyu tangu alfajiri.

Nimekasirika. Nampenda Mutwiri wangu, hata nikisikia akivua buti mlangoni moyo unaruka. Lakini leo nilimkasirikia yeye, daraja lake na wajomba zangu.

Mume wangu hukagua na kutengeneza madaraja ya miguu, yale yanayoning'inia kwa kamba za chuma. Hili la huku kwetu Gachoka ndilo lililotukutanisha. Mimi nilikuwa navuka kwenda sokoni, yeye yuko juu ya mto na brashi ya waya, akanisalimia kwa Kimeru chake cha Ruiri. Nilicheka siku nzima.

Kabla ya harusi wajomba zangu walilipaka rangi ya fedha, kamba na nati zote, ili lipendeze kwenye picha. Na jamani, lilipendeza! Wageni walivuka wakicheza, mimi katikati nikilia kwa furaha.

Leo mama na shangazi zangu walikuwa wanakuja kuniona kwangu kwa mara ya kwanza. Nilifagia mpaka njia ya mtoni.

Nilipofika kuwapokea, nilikuta Mutwiri ameziba daraja kwa matawi ya miiba, huku na ng'ambo. Mama amesimama upande wa pili, kiondo cha maharagwe meusi ya njahi mgongoni.

"Mkwe!" akapaza sauti. "Umemchukua binti, sasa unatufungia na njia?"

"Nisamehe, mama. Hapa leo hapapitiki."

"Si juzi tulipita tukicheza?"

"Ndiyo maana naogopa, mama."

Shangazi akadakia, "Huyo Mmeru anaogopa kutulisha!" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Barabara ya kuzunguka ni mbali na imejaa matope. Walikwenda kwa binamu yangu aliye ng'ambo, na chakula changu chote kikabaki jikoni.

Nilimgeukia mume wangu niseme maneno mabaya. Akanishika mkono, akanipeleka pale kamba inapopita juu ya nguzo. Asubuhi hiyo alikuwa amekwangua rangi. Ndani yalitoka maji ya rangi ya chai, kisha nikaona nyuzi za chuma zimekatika, ncha zimesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa.

"Kila mtu akivuka, chuma kinapinda kidogo," alisema. "Miaka yote hiyo, kinachoka. Na kutu nayo inakila. Rangi imefunika yote, mpenzi. Imefungia na maji ndani."

Niliwaza mama yangu, na kile kiondo, katikati ya mto.

Hasira haikuisha, ilihama tu. Kwa sababu Mutwiri amekuwa akiomba kamba mpya tangu kabla ya harusi, na jana wakubwa wake ofisini walimjibu kwamba daraja liko sawa, linang'aa, wameliona kwenye picha.

Picha gani? Ile niliyoiweka hapa hapa, kwenye blogu hii. Mimi na gauni langu.

Amelala sasa, mikono inanuka chuma na mafuta. Naipenda mikono hiyo. Simlaumu tena.

Kesho baada ya kanisa nitashika brashi na mimi, tukwangue rangi ya harusi yetu pamoja. Kisha ile picha nzuri nitaitoa, niweke ya kutu, kubwa, na jina la daraja chini yake.

Ofisini waitazame hiyo pia.