Gari Lililopona Mvua ya Mawe

Kwako dada Verna,

Salamu hizi zinatoka kwa dume pekee la Nebraska nzima lililosimama na mbingu uso kwa uso, mbingu ikapiga, ikachoka, ikajiondokea na aibu yake. Ukisikia huko Alaska watu wanamtaja shujaa, usiulize jina. Ni mdogo wako. Je, hujambo? Mikono inaendeleaje na yale maji ya baridi, na hao samaki mnaowafunga makoponi bado wananuka kuliko nguruwe wa mzee Orville? Sisi huku tupo. Bibi Otilia mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Kuhusu macho ya baba, uliyoniuliza kwenye simu kabla haijakatika, nitafika huko, usinikimbize. Unaujua mwandiko wangu. Mwalimu alisema kuku wakichakura wanaandika vizuri kunishinda, ndiyo maana nikamwachia shule yake.

Kwanza nikupe habari za pikapu. Lile gari la marehemu mjomba Ed, lililokuwa limelala kwenye magugu mpaka panya wakazaa ndani ya kiti, nimelifufua. Injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu hii, boliti mbili zikabaki na gari linakwenda vilevile, maana yake waliolitengeneza walizidisha. Nimelipaka rangi nyekundu ya nyanya, nikalisugua mpaka ng'ombe wanakuja kujitazama. Nilitaka kuliendesha kwenye gwaride la Julai, nipite polepole mbele ya binti wa yule muuza mbegu. Bibi aliposikia akasema binti huyo anapenda farasi, si punda aliyepakwa rangi.

Shida ilikuwa pa kuliweka. Ghala lilikuwa limejaa mashine ya kuvunia, kwa sababu ngano ilishaanza kugeuka rangi na baba alikuwa akiikagua mashine kila jioni. Na wewe unaijua Juni ya kwetu, haijui rangi mpya wala ya zamani. Basi nikalijengea gari kibanda ubavuni mwa ghala: nguzo za chuma, mbao nene juu na upande wa magharibi, kisha mablanketi ya farasi juu yake. Mzee Orville alipita akakizunguka, akasema kibanda hicho kizuri kuliko nyumba aliyomjengea mkewe. Nikamwambia ndiyo maana mkewe amenuna miaka yote hiyo.

Siku yenyewe redio ilianza kupiga kelele tangu mchana. Joto la kunata, upepo umekufa, mbayuwayu hawaonekani. Upande wa magharibi wingu likapanda, na tumbo lake kijani kama maji ya bwawa la ng'ombe. Ukiona kijani hicho huhitaji redio. Baba alipita na trekta akienda kuwatoa ng'ombe malisho ya chini, akanipigia kelele kuuliza kama madirisha yako tayari. Nikamjibu yako tayari, mzee, wewe wahi ng'ombe wako. King'ora cha mjini kikalia, na kama ilivyo kawaida ya watu wetu, kila mtu akatoka barazani kukitazama kile alichoambiwa akikimbie.

Mawe ya barafu yakaanza madogo, ya kuchekesha, yanarukaruka kwenye nyasi. Halafu yakaja kama machungwa. Verna, ngano ililala kabla mtu hajamaliza kusema "ngano." Paa la banda la kuku lilikwenda, na kuku wengi chini yake. Ukuta wa magharibi wa nyumba sasa ni kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda changu, ndani ya gari, mlango nimefunga. Kelele juu ya kichwa ilikuwa kama watu wanaomwaga mawe kutoka kwenye lori, na mimi nilikuwa nacheka. Mbao zilishika. Halikupita hata jiwe moja.

Yalipokoma nikatoka, nikalizunguka gari nikilipapasa. Hakuna kovu. Ndipo nikamsikia Bibi akiita jina langu kutoka chumba cha baba, na hakuwa akiita kwa matusi yake ya kawaida.

Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa akitufundisha kuegemeza mito ya manyoya kwenye vioo mawe yakianguka? Bibi alikuwa amesimama hivyo dirishani, peke yake, na mto wake. Baba akaingia mbio kutoka kwa ng'ombe, akamnyang'anya ule mto, akamwambia teremka chini kwenye handaki, mama, au nikubebe kama gunia. Akasimama yeye. Kioo hakikumsubiri. Nilimkuta amekaa sakafuni kati ya manyoya na barafu, viganja usoni, ananiuliza kama ng'ombe wameingia wote.

Kuanzia kwetu hadi barabara kuu hapakuwa na gari lenye kioo cha mbele ila langu. Kwa hiyo ni mimi niliyempeleka hospitali, kwa pikapu yangu nyekundu ya nyanya, mawe yakipasuka chini ya matairi. Baba alikuwa na taulo usoni. Tulipofika darajani akauliza tuko ndani ya gari gani. Nikamwambia la mjomba Ed. Akanyoosha mkono akakipapasa kioo cha mbele, kona hadi kona, polepole, kama anamtafuta mtu gizani. Halafu akaurudisha mkono mapajani.

Jicho la kulia limekwenda. La kushoto linaona mwanga na kivuli, basi. Lile neno "mchubuko" alilokuambia kwa simu alilitunga mwenyewe, akatuapisha mimi na Bibi.

Majirani walikuja na maturubai kabla hawajafunika mapaa yao wenyewe, na wake zao wakaleta viazi vya kuoka na yale maandazi ya kolache yenye plamu unayoyapenda. Orville akauliza mbona madirisha yalikuwa wazi. Baba akamjibu kwamba mbao za kuyafunikia zilioza, alizichoma jikoni wakati wa baridi. Wanaume wakataka kuliona jiwe lililovunja kioo, waliweke kando ya yale ya miaka iliyopita kwenye friza ya Bibi na kubishana kama kawaida. Bibi akasema limeyeyuka. Halijayeyuka. Liko chini ya nyama ya kusaga, nimeliona.

Mbao hazikuoza, Verna. Ni zile mlizokata wewe na baba, ukaandika jina la kila dirisha kwa rangi. Ndizo nilizojengea kibanda. Nilipompigia baba kelele kwamba madirisha yako tayari, nilikuwa nimeegemea kiti cha gari, na juu yangu, nje ya kioo, nikiyasoma maandishi yako: CHUMBA CHA BABA, MAGHARIBI.

Bibi anakusalimu, anasema ule vizuri na usiolewe na mvuvi. Orville anakusalimu, na nguruwe wake pia. Baba anakusalimu sana. Jioni anakaa barazani, uso ameuelekeza magharibi, ananiuliza wingu lina rangi gani, na mimi namwambia kweli, hata likiwa la kutisha. Ukija, njoo kwa basi la mjini, nitakupokea kwa miguu. Gari sijaligusa tena.

Utataka kuniandikia kwamba mimi ni kijana tu, nilisahau. Usiandike hivyo. Nyundo ilikuwa miguuni pangu, na wingu lilikuwa bado mbali. Sikusahau. Nilikumbuka, nikalitazama gari, nikabaki nimekaa.

Mdogo wako,
Lonnie Havlicek